Kupunguza uzito kwa simu: programu ya kalori, kuhesabu hatua au kundi la WhatsApp?

BintiTudor: Assalam aleikum. Presha imeanza kupanda na daktari amenitaka nipunguze uzito. Simu ninayo, bando si la kila siku. Nachagua kati ya MyFitnessPal, ile programu ya kuhesabu kalori, kihesabu hatua kilichokuja na simu, na kundi la WhatsApp la mtaani lenye mtaalamu wa lishe. Mwaonaje?

KakaKisauni: MyFitnessPal, dada, lakini uwe na subira. Vyakula vingi humo vimeingizwa na watumiaji wenyewe, kwa hiyo hamri moja utaikuta na kalori za kila namna. Mimi huingiza pishi langu mara moja tu: mbaazi kiasi gani, tui kiasi gani, mafuta vijiko vingapi, kisha nagawa kwa bakuli. Hesabu nazitoa kwenye jedwali la vyakula vya Kenya la mwaka 2018, la serikali na FAO, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, lipo bure mtandaoni pamoja na kitabu cha mapishi. Hapo ndipo utajua mafuta yalivyo: kijiko kimoja cha mezani ni kama kalori 120, na viazi karai havikaangwi kwa kijiko kimoja. Kupiga picha ile mistari ya pakiti (barcode) ili programu isome chakula chenyewe, tangu 2022 mpaka ulipie.

NesiMstaafu: Mwanangu, hatua zina faida kwa presha, tembea. Ila simu huhesabu mtikisiko wake. Ukiiacha mezani ukapiga deki nyumba nzima, haina habari. Na zile hatua 10,000 zisikutishe, zilianza na jina la kifaa kilichouzwa Japani miaka ya 1960. Tazama kawaida yako, uongeze kidogo kidogo.

Kwa uzito wenyewe, chakula ndicho kikubwa. Mwaka 2016 Chuo Kikuu cha Pittsburgh, Marekani, kilitoa utafiti wa miezi 24 kwa vijana. Wote walifundishwa kula na mazoezi. Waliovalishwa kifaa cha kupima mwendo walipungua wastani wa kilo 3.5, na waliojiandikia wenyewe kwenye tovuti kilo 5.9. Kifaa peke yake hakimpunguzi mtu.

Na yeyote anayetumia insulini asipunguze chakula kabla ya kuonana na daktari wake, sukari yaweza kushuka ghafla.

MamaLikoni: Mimi nasema kundi. Sisi twapiga picha sahani kabla ya kula, twatuma. Juzi shoga yetu mmoja alituma wali wa nazi umejaa hadi ukingoni, samaki wa kupaka juu, mboga hakuna. Mtaalamu hakumgombeza. Alimwambia wali urudi robo ya sahani, mchicha na kachumbari vichukue nusu, samaki abaki. Chakula ni kilekile cha kwetu, na picha hazili bando sana. Ila akitokea mtu kundini anauza chai ya kukata tumbo, toka. Uliza kwanza kama huyo mtaalamu amesomea lishe.

BintiTudor: Shukran sana. Basi nitaingia kundini, na hatua nitazitazama jioni nikitembea pale Mama Ngina, kando ya bahari. Kaka, hizo mbaazi wazipima vipi bila mizani ya jikoni?

KakaKisauni: Kikombe kilekile kila siku, dada. Pima tui kabla halijaingia chunguni, na mafuta kwa kijiko, usimimine kutoka kwenye chupa.