Buganda ndani ya Civ 7: mmeipokeaje? Na sisi wa pwani lini?

mwana_wa_rangitatu

Wakuu habari za muda huu. Najua humu wengi ni watu wa gemu za mpira ila nina uhakika kuna wenzangu wachache wanaokesha na Civilization (Civ), ile gemu ya kujenga taifa lako toka zama za kale, naomba leo tujuane maana kuna jambo limenikaa moyoni tangu juzi usiku.

Juzi nimefunga duka, nimefika home Mbagala kama saa nne hivi, bando limebaki kidogo ila nikasema potelea mbali ngoja nicheki trela ya taifa jipya la Civ 7, naona limeandikwa BUGANDA. Nikarudisha nyuma nikaangalia tena. Aisee Buganda, hawa majirani zetu hapo juu ya ziwa, wanakaa meza moja na Prussia, na Japani ya Meiji, na Ufaransa, kwenye zama ya mwisho ya gemu. Mara ya kwanza kabisa kwenye mfululizo wote huu. Kuna Abambowa ndo askari wao, kuna kamanda anaitwa Mwami, kuna Ziwa la Kabaka, yaani la mfalme wao, unalijenga mwenyewe, na ajabu lao la dunia ni Muzibu Azaala Mpanga, ile nyumba kubwa ya nyasi ya Kasubi. Mi nilisimama kabisa, wife akaniuliza kuna nini nikamwambia we acha tu.

Lakini furaha ilivyotulia likanijia swali. Gemu yao ya nne, ya 2005, wimbo wa kufungulia ni wa Kiswahili kabisa, ni Sala ya Bwana, Baba yetu uliye mbinguni, katunga Christopher Tin, na 2011 ukabeba Grammy, muziki wa kwanza wa gemu kuipata hiyo tuzo. Mimi nimelelewa madrasa lakini ule wimbo ukianza nasisimka mwili mzima kwa sababu ile ni lugha aliyonibembelezea mama yangu. Dunia nzima wachezaji wanaimba Kiswahili bila kujua maana. Lugha wameichukua miaka yote hiyo, wenye lugha bado hatujawekwa kama taifa mpaka leo.

Sasa nauliza mawili. Buganda mmeipokeaje, wamewatendea haki? Na je Waswahili tunastahili kuwa taifa kwenye gemu kama hii au ni mimi tu naumia?

kigae_sita

Mkuu hauko peke yako, mimi niko nayo tangu Civ 5.

Kwanza niseme ninachokipenda, ziwa. Gemu nyingi ziwa ni pambo tu lakini kwa Buganda ziwa ndo moyo wa taifa, na lile Ziwa la Kabaka sio la kutunga, liko Mengo pale Kampala, lilichimbwa kwa mikono ya watu enzi za Kabaka Mwanga wa pili miaka ya 1880. Mtu aliyekaa akalifikiria hilo kafanya kazi yake.

Nisichokipenda ni uporaji. Uwezo wao mkubwa ni kwamba ukivamia na kupora unapata utamaduni. Najua kwenye gemu ni mbinu tamu sana, zamu tano tu ushamla jirani, lakini mtu wa Brazil huko ambaye hajawahi kusikia neno Buganda kitu cha kwanza atakachojifunza ni kwamba hawa ni watu wa kupora. Buganda ilipigana vita sana hilo halina ubishi ila ilikuwa na mengine mengi ya kuonyesha bana.

Alafu kuna pengo ambalo linajibu swali lako la pili. Civ 7 ilivyotoka unabadilisha taifa kila zama, zama ziko tatu. Ukitaka kubaki Afrika kusini ya Sahara unaanza na Aksum, zama ya kati ni Songhai, ya mwisho Buganda. Sasa angalia ramani. Kutoka Bahari ya Shamu mpaka Mto Niger kule magharibi kisha urudi tena Ziwa Victoria, hiyo ni safari ya wapi? Katikati pale panalilia taifa la Afrika Mashariki, la biashara, la bahari, la zama hizohizo. Yaani Kilwa. Aksum na Kilwa wote walipiga sarafu zao wenyewe na wote waliishi kwa bahari, ingeungana vizuri kabisa.

mwl_wa_zamu

Mimi ni mwalimu wa historia sekondari, gemu nacheza nikiwa likizo, kwahiyo mnivumilie nitaandika kirefu.

Buganda kuwekwa zama ya mwisho nimeona watu kwenye mitandao ya nje wanahoji, eti ilikuwa na viwanda gani ya kukaa na Prussia. Hawa hawajasoma. Speke alipofika kwa Mutesa wa kwanza mwaka 1862 alikuta serikali. Kuna Kabaka, kuna Katikiro ambaye ndo kama waziri mkuu, kuna Lukiiko ambalo ndo baraza lao, kuna machifu wa majimbo wanaoteuliwa na kuondolewa, kuna barabara zinazokwenda mpaka ikulu. Stanley 1875 akakuta kikosi cha mitumbwi ya vita ziwani kilichomshangaza. Na tusisahau watu wetu wa pwani walishafika kule kabla ya wazungu hao wote, tangu enzi za Kabaka Suna, wakapeleka nguo na bunduki na Uislamu. Yaani Buganda unayoiona kwenye trela ina mkono wa Mswahili ndani yake.

Sasa Waswahili. Hoja nitakayoletewa naijua, kwamba hatukuwa na mfalme mmoja, Kilwa mbali, Mombasa mbali, Pate mbali, kila mji na mambo yake. Sawa. Wagiriki je? Athens na Sparta walikuwa wanachinjana lakini kwenye gemu Ugiriki ni taifa moja tangu mwanzo na hakuna anayehoji. Wamaya pia miji yao haikuwa na mfalme mmoja. Kinachofanya taifa kwenye gemu hii ni lugha, mji, usanifu, namna ya kuishi. Sisi tulikuwa navyo vyote kuanzia Somalia mpaka Msumbiji. Msikiti mkuu wa Kilwa ulianza kujengwa karne ya 11. Husuni Kubwa, lile jumba la sultani wa Kilwa, ina bwawa la pembe nane, karne ya 14, na dhahabu ya Sofala kule Msumbiji inapita mikononi mwao. Sarafu za Kilwa zimeokotwa mpaka visiwa vya kaskazini mwa Australia mwaka 1944. Nikiwaambia wanafunzi wangu hawaamini, wanadhani nawatungia.

nshomile_tabata

Naomba nizungumze kidogo kama mtu wa Bukoba.

Bibi yangu mzaa mama alitokea ng'ambo ya mpaka wa Mutukula, Uganda. Alikuwa na lubugo, ile nguo ya gome la mti, anaikunja anaiweka chini kabisa ya sanduku, na sisi watoto tulikuwa haturuhusiwi kuishika. Nyumba ya Kasubi ilipoungua Machi 2010 nilikuwa kijana tu nyumbani, nakumbuka redio iliwashwa asubuhi na bibi alikaa uani mpaka jioni hakula. Nyumba ile Mutesa aliijenga 1882 iwe ikulu yake, akazikwa humohumo, na makabaka watatu baada yake wamelala hapohapo. Unesco waliiweka kwenye orodha ya urithi ulio hatarini na imetolewa 2023 baada ya kujengwa upya. Bibi hakuiona siku hiyo.

Kwahiyo nilivyoona Muzibu Azaala Mpanga inasimama kwenye skrini, paa lile la nyasi linashuka mpaka karibu na ardhi, niliizima simu nikakaa kimya. Mkuu mleta mada nakuelewa kabisa uchungu wako wa pwani na nauunga mkono, ila naombeni kitu kimoja, Buganda tusiitumie kama ngazi ya kufikia Kilwa. Hata siku mbili hazijaisha na nusu ya mjadala tayari imehamia pwani. Wapeni siku yao.

mwana_wa_rangitatu

@nshomile_tabata kaka hapo umenigusa, na ni kweli. Pole kwa bibi. Nisamehe nimekimbilia la kwangu mapema.

chalii_wa_sinza

Mi niko Civ 6 bado, hiyo 7 iliyotoka kwa dola 70 siiwezi sahivi na laptopu yangu yenyewe ya mtumba ya Kariakoo ikifungua ramani kubwa inapiga kelele kama mashine ya kusaga.

Ila jueni kwamba kwenye 6 tumo, kwa vipande vipande. Zanzibar ni mji huru, ukiwa bwana wake anakupa karafuu na mdalasini ambazo hupati popote pengine na watu wako wanafurahi mno. Na Kilwa Kisiwani ni ajabu la dunia kabisa, linajengwa ufukweni, unapata mabalozi watatu hapohapo. Mi huwa nalijenga kila gemu hata kama halinisaidii. Kilichowahi kuniuma ni siku moja nimechelewa, nikaona tangazo Mjerumani kamaliza kujenga Kilwa Kisiwani. Mjerumani! Na boma lake liko Kilwa Kivinje mpaka leo. Nilitoka nje kupunga upepo.

binti_wa_upanga

Nimesoma yote. Kuna kitu hamjasema na kinanisumbua.

Tukiomba Waswahili tuseme ni Waswahili wa lini. Firaxis, hao watengenezaji wa gemu, wakipenda kurahisisha watachukua Zanzibar ya karne ya 19, Sultani Said aliyehamishia makao yake kutoka Muscat karibu mwaka 1840, karafuu, meli, majumba ya Forodhani. Ni picha nzuri sana kwenye trela. Lakini karafuu ile ililimwa na watumwa na misafara ile ilibeba watu, na mimi nina ukoo kutoka Kigoma, siwezi kushangilia hilo likigeuzwa kuwa bonasi ya dhahabu kila zamu. Mwenzetu hapo juu kalalamika Buganda kupewa uporaji, basi fikirieni sisi tungepewa nini. Ndo maana na mimi nasema iwe Kilwa, zama ya kati, sio kwamba kule hakukuwa na watumwa, walikuwepo, ila ule ni ustaarabu tulioujenga wenyewe na hauwezi kufupishwa kwa biashara moja ya aibu.

Na kama wakiweka nimeshaifikiria. Meli yao iwe mtepe, ile ya kushonwa kwa kamba bila msumari. Uwezo wao uwe upepo, zamu kadhaa ni kaskazi unapokea meli za wageni na bidhaa zao, zamu kadhaa ni kusi wewe ndo unapeleka zako, kwahiyo mchezaji anapanga mwaka wake wote kwa pepo mbili kama babu zetu walivyopanga. Nyumba za mawe ya matumbawe ziongeze thamani zikiwa pwani tu, ukizipeleka bara hazina maana. Kiongozi sihitaji wamtunge, Ibn Battuta tayari yumo kwenye gemu, na yule alitua Kilwa 1331 akausifu mji ule kuwa miongoni mwa miji mizuri kabisa, na sultani aliyemkuta, al-Hasan bin Sulaiman, watu walimwita baba wa zawadi kwa ukarimu wake. Huyo sultani ndo kiongozi. Au kama wanataka mwanamke basi Mwana Fatuma aliyetawala Unguja karne ya 17, mimi ningemchagua huyo kila siku.

kigae_sita

@binti_wa_upanga dada hiyo ya kaskazi na kusi ni bora kuliko nusu ya vitu walivyoweka wenyewe, sitanii. Andika vizuri uwatumie.

mwl_wa_zamu

Naunga mkono, na hoja yake ya utumwa naichukua kwenda nayo darasani.

mwana_wa_rangitatu

Wakuu nashukuruni sana, mmenipa zaidi ya nilichouliza. Nimeamua hivi. Gemu yangu ya kwanza nitacheza Buganda na sipori mtu, nitakaa ziwani nijenge Kasubi, nitarudi kumwambia @nshomile_tabata imeendaje. La pili, tuandike lile wazo la dada wa Upanga kwa pamoja, mimi Kiingereza changu cha kuandika sio kizuri ila @mwl_wa_zamu kama una nafasi utunyooshee, nitaliweka pale wachezaji wanapopeleka maoni yao.

La mwisho mnisaidie. Nimekaa Mbagala miaka yote, barabara ya Kilwa naivuka kila siku kwenda dukani, na Kilwa yenyewe sijawahi kufika. Kutoka hapa ni kama kilomita 300 tu. Nataka nimpeleke mwanangu wa darasa la tano akaione kabla hajaizoea kama kadi ya kwenye gemu. Kuna aliyekwenda?

nshomile_tabata

Nimekwenda mara mbili kikazi. Panda basi hapohapo Rangi Tatu za asubuhi na mapema, ushukie Kilwa Masoko sio Kivinje. Ukifika pita kwanza ofisini upate kibali cha magofu, ndo uende bandarini utafute boti ya kuvuka, kisiwa kinaonekana kwa macho pale ulipo. Mchukulie mtoto kofia na maji ya kutosha, Husuni Kubwa iko mbali kidogo na msikiti na mnatembea juani. Bwawa la pembe nane lipo bado, mwambie ahesabu mwenyewe.