Chai ya bakwiti ukiwa mjamzito: mliokunywa, tupeane uzoefu

Mama Imani, Umoja
Dada zangu, wacha nianze na yangu. Nimelelewa na chai. Kwetu termosi haikauki: asubuhi chai ya maziwa, saa nne chai, jioni chai, na mgeni akibisha hodi inapikwa nyingine. Mimba hii ya pili ikiwa na wiki tisa, nesi wa kliniki aliniuliza nakunywa vikombe vingapi kwa siku. Nikamwambia vitano, na vyangu ni vile vikubwa. Akaniketisha chini. Akanieleza kwamba kafeini hupita kwenye kondo la nyuma ikamfikia mtoto, na kwamba mwili wa mjamzito huchelewa kuiondoa, hasa miezi ya mwisho. Uingereza wanashauri mjamzito asipitishe miligramu 200 kwa siku. Kikombe kikubwa cha chai huwa na kama 75, na cha kahawa ile ya kopo kama 100. Vitano vyangu vilikuwa 375.

Nilipoacha ghafla kichwa kiliniuma siku tatu. Na kusema kweli, kilichoniumiza zaidi ni mikono kukosa kitu cha moto cha kushika asubuhi. Maji ya moto matupu hayanywiki. Ndipo mume wangu akaleta pakiti kutoka duka moja la Wachina kule Kilimani, punje ndogo za kahawia zilizokaangwa. Ndiyo bakwiti. Wachina, Wajapani na Wakorea wameinywa miaka mingi, na punje zenyewe hazina kafeini. Natia kijiko kimoja cha mezani, namimina maji yanayochemka, nafunika dakika tano. Inatoka rangi ya dhahabu na harufu kama ya bisi. Wakati huo harufu ya maziwa yakichemka ilikuwa inanitapisha, hii sikuwahi kuitapika hata mara moja.

Sasa niko wiki ya 30. Nakunywa vikombe viwili vya bakwiti, na kimoja kidogo cha chai ya maziwa kwa sababu sikuweza kuachana nayo kabisa. Nyinyi je? Semeni mazuri na mabaya, tafadhali.

Bahati, Parklands
Jina lisiwatishe, bakwiti si ngano. Haiko hata kwenye ukoo wa nyasi kama ngano na mahindi, kwa hiyo haina gluteni, ile protini ya ngano. Mimi huuza duka la vyakula vya Kihindi, na huku tunaiita kuttu. Wahindu wengi hununua unga wake wakati wa Navratri, kwa vile siku hizo za mfungo hawali ngano. Nikiwa na mimba ya kifungua mimba wangu nilinunua punje mbichi nikazikaanga mwenyewe kwenye sufuria kavu, moto mdogo, nikikoroga mpaka zikanukia. Mara ya kwanza niliziunguza, chai ikawa chungu kama dawa. Ukipatia, hata zile punje zilizolowa chini ya kikombe zinalika.

Mama Neema, Kasarani
Naomba msome yangu kabla hamjaenda dukani. Mimi ilinikataa. Kikombe cha kwanza midomo iliwasha nikapuuza. Cha pili, kesho yake, uso ulifura, ngozi ikajaa vipele, kifua kikabana. Jirani alinipakia kwenye gari usiku huo, nikiwa na miezi sita. Mtoto alikuwa salama, Mungu ashukuriwe, lakini daktari alinikataza kuigusa tena maisha yangu yote. Baadaye nikajua Japani sheria inalazimisha bakwiti itajwe kwenye pakiti ya chakula kwa sababu ya mzio wake. Hata mito ya kulalia hujazwa maganda yake, na kuna watu huwashwa na hiyo mito. Kama hujawahi kuila, onja kidogo sana mchana, watu wakiwepo nyumbani, na midomo ikiwasha usirudie. Ukibanwa na pumzi usingoje asubuhi kama nilivyotaka kungoja mimi.

Mama Imani, Umoja
Mama Neema, pole sana, na asante. Mimi nilikunywa kikombe kizima siku ya kwanza bila kuwaza. Niongeze kitu kuhusu pakiti: ya pili niliyonunua ilikuwa imechanganywa na majani ya chai ya kijani, na hayo yana kafeini. Picha ya mbele ilikuwa ya bakwiti tu. Someni nyuma, kwenye viungo.

Mama Jabali, Embakasi
Yangu ni ya damu. Kliniki walinipima himoglobini, yaani wingi wa damu, nikawa na 9.4, na mjamzito anatakiwa awe na 11 kwenda juu. Nilikuwa nimepewa vidonge vya madini ya chuma na foliki, na nilivimeza kila siku, lakini nilivishushia na strungi, chai isiyo na maziwa! Nesi akashika kichwa. Majani ya chai yanazuia chuma kuingia mwilini. Na odowa pia, yale mawe laini ya kutafuna, nilikuwa nakula, nikaambiwa niache. Sasa namezea maji, na kinywaji chochote cha moto, bakwiti ikiwemo, nakiweka mbali na vidonge na chakula. Mwezi wa pili wa kufanya hivyo nilifika 10.8. Sisemi ni bakwiti iliyonipandisha, ni vidonge.

Wanja, Rongai
Nilikuwa na kisukari cha mimba. Chai ya maziwa siiwezi bila vijiko vitatu vya sukari, ila bakwiti naiweza kavu. Hiyo tu.

Mama Tumaini, Kawangware
Shida yangu ilikuwa ushago. Utakataaje chai ya mama mkwe? Krismasi nilibeba punje zangu kwenye kopo, nikaogopa kulitoa siku nzima. Usiku akanikuta jikoni nachemsha maji. Nikamweleza yote, mama, daktari amesema nipunguze majani. Akainusa, akanyamaza, akasema inanukia kama mtama uliokaangwa wa mama yake. Kisha akaleta kikombe chake, akatia maziwa na sukari, tukakaa hapo kwenye jiko mpaka makaa yakaisha. Asubuhi aliwaambia wenzake wasinimiminie chai, mimi nina yangu.