Mkono Mzito: Je, Umri wa Kustaafu Urudi Miaka 55?

Kijana wa Kisauni: Tangu mwaka 2009, serikali yetu ya Kenya ilipopandisha umri wa lazima wa kustaafu kutoka miaka 55 hadi 60, nafasi hazifunguki. Napendekeza urudi 55. Isitoshe, mfanyakazi wa miaka 58 mkono wake umeshakuwa mzito.

Mama Karani: Mwanangu, la ajira nakuachia, lakini la mkono mzito silikubali hata kidogo. Nimepiga chapa hukumu za mahakama kwa miaka 31. Karani mgeni husoma neno, akaliandika, akarudi kwenye karatasi. Mimi kidole kikiwa kwenye neno hili, jicho limeshatangulia. Timothy Salthouse, mwanasaikolojia wa Marekani, aliwapima wapiga chapa wa miaka 19 hadi 72, na mwaka 1984 akaonyesha kwamba wazee walichelewa katika jaribio la kubonyeza kitufe tu, ilhali kasi yao ya kuandika haikupungua, kwa kuwa walisoma mbele zaidi.

Muuguzi wa Usiku: Shikamoo, Mama. Umri unasingiziwa. Nilipoanzia kazi, muuguzi aliyesifika kwa kupata mshipa wa mtoto mchanga kwa mchomo mmoja alipandishwa cheo, akakaa ofisini miaka sita akipanga zamu. Siku aliyorudi wodini kwa sababu tulikuwa wachache, alimchoma mtoto mara nne, kisha akanikabidhi sindano huku machozi yakimlengalenga. Alikuwa na miaka 41.

Msimamizi wa Wodi: Umetuvunjia heshima, dada. Kupanga zamu ni kazi ya akili: kujua nani asiachwe peke yake usiku, na nani amechoka ila hasemi. Ujuzi wa mwenzako haukufa, ulihamia kwingine.

Muuguzi wa Usiku: Sikukudharau, lakini aliyechomwa mara nne ni mtoto, na kwake ule ujuzi uliohamia haukumfaa kitu. Wasimamizi wangepangiwa angalau zamu moja ya wodini kila wiki.

Kijana wa Kisauni: Mama Karani, nisamehe kwa neno lile. Mimi nilisomea kukereza vyuma, na tangu nipokee cheti mwaka 2021 sijapata karakana ya kudumu. Juzi, katika kibarua cha siku moja, niliharibu shafti mbili ambazo chuoni ningezikereza bila wasiwasi. Nina miaka 26. Kama mkono huharibika kwa kukaa bure, basi wangu ndio unaoharibika, na pendekezo langu silifuti.