Nadharia za bondi kovalenti (atomu kushirikiana elektroni) zinanichanganya, naombeni ushauri

Kidato5_Wete: Asalaam aleikum wakubwa zangu. Nipo kidato cha tano, PCB (Fizikia, Kemia, Biolojia), hapa Wete. Lewis na doti zake za elektroni nilimuelewa. Ikaja VSEPR (jozi za elektroni kusukumana), ikaja haibridi (kuchanganya obitali, yaani maeneo ya elektroni katika atomu), sasa tumetiwa kwenye obitali za molekuli (maeneo ya elektroni yanayoenea molekuli nzima). Kwa Lewis, O₂ ina bondi mbili na elektroni zote zina jozi. Kwa obitali za molekuli, mbili hazina wenzake. Nishike ipi? Au nikariri tu maumbo yote?

Mkarafuu: Kariri. Mie nilipita hivyo hivyo.

BintiChake: Akiletewa XeF₄ (zenoni na florini nne) je? Nayo utamkaririsha?

MaalimKemia: Waaleikum salaam mwanangu. Usikariri, kila nadharia ina swali lake. Lewis (1916) anakwambia nani kashikana na nani, na jozi zipi za elektroni zimebaki pweke, hazimo kwenye bondi. Umbo muulize VSEPR, ya Gillespie na Nyholm, 1957: jozi zinasukumana, basi kila moja inajitenga kadiri iwezavyo. Chukua maputo manne ya Sikukuu, yafunge pamoja shingoni, uone yanavyojipanga yenyewe. Hiyo ndiyo methani, nyuzi 109.5. Amonia nayo ina jozi nne, ila moja ni pweke, na jozi pweke hutaka nafasi zaidi, kwa hiyo pembe zinabanwa hadi 107. Maji yana pweke mbili: 104.5.

Hesabu jozi zote, halafu taja umbo la atomu peke yake. Nikisahihisha, maksi nyingi zinapotea hapo: mtu anaandika maji ni tetrahedroni! Jozi ndizo zilizokaa hivyo. Molekuli yenyewe imepinda.

Haibridi ya Pauling (1931) inaeleza vipi kaboni yenye obitali s na p inatoa bondi nne zinazolingana. Basi.

BintiChake: Maalim, O₂ umeiruka.

MaalimKemia: Haki yako. Oksijeni ikipozwa hadi nyuzi 183 chini ya sifuri inakuwa kimiminika. Imimine katikati ya ncha za sumaku kali, itang'ang'ania pale pale. Ingekuwa elektroni zake zote zina jozi, isingevutwa. Kwa obitali za molekuli, elektroni mbili za mwisho zinakuta obitali mbili za nishati sawa, kila moja inakaa kwake. Sasa hesabu elektroni za nje: 8 zinafunga bondi, 4 zinaidhoofisha. Toa, gawa kwa mbili, unapata 2. Kwa idadi ya bondi Lewis yuko sawa. Sumaku ndiyo inayomshinda.

Mtihani ukitaka umbo, VSEPR. Ukitaja sumaku, obitali za molekuli.

Kidato5_Wete: Ahsante sana maalim. Basi XeF₄ ina jozi sita, pweke mbili... mraba bapa?

MaalimKemia: Ndiyo! Pweke moja juu, moja chini, zimepeana mgongo. Sasa nifanyie SF₄ (salfa na florini nne), na usiikimbilie tetrahedroni.