Mrejesho: ile kazi ya Geneva niliichukua

Wakuu, niliuliza kama mshahara wa Uswisi ni mnono kweli au ni mnono kwa hesabu za Dar tu. Unatosha, ila usiupigie hesabu kabla ya kutoa bima ya afya. Ni lazima, na unajilipia mwenyewe. Unapewa miezi 3 ya kujiunga, lakini unadaiwa tangu siku uliyofika. Nimechukua ile ya kujigharamia faranga 2,500 za mwanzo kwa mwaka, ada yake ya mwezi ni nafuu. Niombeeni nisiugue! Dipoziti ya nyumba ilikuwa kodi ya miezi 3. Nyama tunafuata Ufaransa, tramu inafika hadi Annemasse. Forodha wanaruhusu kilo 1 kwa kichwa. Mkuu uliyeshauri familia ifuate baadaye, asante sana.