Bundi anayekula samaki yupo kweli? Mwatiko wetu wanapotea usiku

Binti Gando

Assalaam alaykum jamaa.

Nimo katika kikundi cha kina mama tunaofuga mwatiko huku Gando, Pemba, mabwawa mawili pembeni ya mikoko. Tangu bamvua lililopita, bahari ilipojaa sana, samaki wamepungua. Hawafi, maana mizoga hatuioni ikielea, wanapotea tu. Kijana anayetulindia anasema usiku anamsikia bundi kwenye mwembe ulio nyuma ya banda: "hu", ananyamaza, "hu" tena, mpaka alfajiri. Basi imeshakuwa kesi. Kuna wanaosema huyo ndiye mwizi, kuna wanaosema ni mwizi na katumwa juu yake, na yupo mmoja ameshatengeneza manati anasubiri magharibi iingie.

Aliyewachochea ni ami yangu. Zamani akenda dago, kambi ya wavuvi, huko delta ya Rufiji, na anaapa kuwa bara yupo bundi mkubwa wa rangi ya kutu, anashuka mtoni na kuondoka na kambare mguuni. Barazani wanamcheka, wanamwambia bundi hula panya. Naomba wanaojua wanisaidie: ndege huyo yupo? Na kama yupo, anaweza kuwa ndiye huyu wa mwembeni kwetu? Nijibuni mapema, maana mwenye manati hana subira.

Chumvi ya Bahari

Bundi na samaki wapi na wapi dada? Mimi nimezaliwa Mkoani, nimevua tangu sijaanza skuli, na bundi akitoka na samaki sijamuona hata siku moja. Mwangalieni huyo mlinzi wenu. Bundi wa siku hizi anavaa suruali na ana ndoo.

Nahodha wa Mloka

Waalaykum salaam Binti Gando. Mpe ami yako salamu zangu, umwambie hakuona jini. Yupo.

Mimi kwetu Konde, lakini ujana wangu umeishia Mloka, nikiendesha boti za watalii pale Rufiji inapotoka hifadhini. Ndege huyo ndiye aliyekuwa akinipatia bakshishi, simba hafui dafu. Mtu anatoka Ulaya kwa ajili yake yeye tu, na akimuona anashika kichwa. Mwenye kambi alilijua hilo, ndiyo maana bakshishi zikipitia ofisini zilikuwa zinanifikia zimekonda, lakini hayo tuyaache.

Jina lake la kitaalamu ni Scotopelia peli. Hilo "peli" linatokana na Pel, Mholanzi aliyekuwa gavana wa ngome zao katika pwani ya Ghana karne ya 19. Ni ndege mkubwa hasa: urefu hufika sentimita 60, uzito kilo mbili na kitu, na akitanua mbawa ni kama mita moja na nusu kutoka ncha hadi ncha. Rangi ami yako kaipatia, ya kutu, mgongoni imepitiwa na mistari myeusi na kifuani ina madoa. Zile pembe za manyoya hana. Kichwa mviringo, macho meusi tititi.

Anavyovua ndiko kuzuri. Tulikuwa tunazima mashine na kuiacha boti iteleze na mkondo mpaka chini ya mikuyu iliyoinamia maji. Utamkuta tawi la chini, kimo cha mtu kutoka mtoni, kifua amekielekeza mbele. Hakuangalii wewe wala kurunzi yako, anaangalia maji. Perege akigusa uso wa maji likatoka duara dogo, hapo hapo kaachia tawi, miguu mbele, chubwi! Mwili hauzami, na mara nyingi hata tumbo halirowi. Anarudi juu, samaki kambana chini ya mguu mmoja, anaanzia kichwani. Kwenye mwanga wa kurunzi unayaona magamba yakidondoka moja moja na kuchukuliwa na maji. Kukiwa na maji ya kina kifupi pembezoni, hushuka akatembea mle mle.

Mguu wake nimewahi kuushika, wa mmoja aliyenasa katika nyavu za wavuvi akafa. Bundi wengine wengi miguu yao imevikwa manyoya mpaka karibu na kucha. Huyu mitupu, na ingekuwa hasara awe na manyoya, maana yangerowa na kujaa ute wa samaki kila siku. Kucha ndefu, zimepinda hasa, na nyayo chini zina vichomozi vidogo vikali. Ukipitisha kidole ni msasa mtupu. Kambare na utelezi wake wote hachomoki hapo.

Sasa Chumvi ya Bahari ananiuliza bundi na samaki wapi na wapi. Ndugu yangu, bundi unayemjua wewe anawinda kwa masikio. Panya anachakura majanini, yeye juu anasikia, ndiyo maana uso wake uko kama sahani inayokusanya sauti na manyoya ya mbawa yana ncha laini ili aruke kimya. Samaki aliye majini huwezi kumsikia, naye hasikii mbawa zinazokuja juu yake. Kwa hiyo huyu wa mtoni ile sahani ya uso haikukamilika na mbawa zake zinavuma, unamsikia akipita. Kazi yake yote ni macho. Samaki anaokamata wengi ni wa gramu mia na kitu mpaka mia mbili na nusu hivi, ingawa hata wa kilo mbili anaweza kumtoa. Akikosa samaki, anakula chura na kaa wa mtoni.

Hataki makubwa, mambo mawili tu: mti mkubwa wa zamani wenye tundu au panda nene, na maji anayoweza kuona ndani. Huko kusini, Zambezi na Okavango, hutaga wakati mto umejaa, ili mtoto akianza kula sana maji yawe yameshapungua na kutakata na samaki wamebanana. Mayai mawili au moja, na hata yakiwa mawili kwa kawaida anayekua ni mtoto mmoja. Huyo mmoja naye hukaa na wazee wake miezi mingi baada ya kuruka, ndiyo maana kuna miaka hawatagi kabisa. Ukate mikuyu ukingoni, udongo uteremke mtoni, maji yawe chai ya maziwa, basi umemfukuza bila kumpiga hata jiwe moja. Siku hizi juu ya mto kuna bwawa la umeme la Julius Nyerere. Silipingi, sisi Pemba wenyewe umeme wetu unatoka Tanga kwa waya uliolazwa chini ya bahari tangu 2010, na taa tunazipenda. Ila ndege huyu anaishi kwa kupanda na kushuka kwa maji, na atakayetaka kujua mto unaendeleaje amtazame yeye.

Kwenu hayupo. Pemba haina mto wa kumlisha, na baina yetu na bara kuna mkondo wenye kina cha mita mia nane hivi. Hata popo wetu mkubwa hapatikani kwengine kwa sababu hiyo hiyo.

Na huyo wa mwembeni? Mwambie kijana ammulike. Akiwa mdogo, kimo cha shibiri moja tu, macho ya manjano, rangi ya kahawia au wekundu bila mistari mingi, na vipembe vidogo kichwani, basi huyo ni bundi wa Pemba, Otus pembaensis. Hiyo "hu" moja moja aliyoisikia ndiyo sauti yake. Alielezwa kitaalamu 1937 na Pakenham, Mwingereza aliyekuwa mtumishi wa serikali hapa, na hapatikani popote duniani isipokuwa kisiwa hiki: Ngezi, Msitu Mkuu, na kwenye mikarafuu na miembe yetu. Anakula wadudu. Mwatiko mmoja wa kuuzwa angemshinda kumbeba. Mwenye manati akimuua, kaua mgeni ambaye watu wanapanda ndege mbili na boti kuja kumsikiliza, na bwawa litaendelea kupungua.

Mama Tumbe

Nahodha kasema ya bundi, mimi niseme ya bwawa, maana mwatiko nimewafuga na wamenitia hasara.

Binti, umesema tangu bamvua. Mimi ningeanzia hapo hapo. Mwatiko ana tabia ya kuyaendea maji yanayoingia. Bamvua likija na bahari ikapita langoni, wote wanakusanyika hapo wakiogelea kulikabili, na sisi wakati wa kuvuna tunatumia tabia hiyo hiyo kuwakamata. Wavu wa lango ukiwa na tundu la kupita ngumi, au ubao umeachia pembeni, wanatoka kundi zima kwa usiku mmoja na asubuhi hakuna hata gamba. Kagua pia tuta, kaa wanachimba mashimo, unaona maji yanavuja kidogo kumbe ndani ni njia.

Ndege wapo, sikatai. Kulasitara na yangeyange wanakula sana samaki wadogo, lakini wanakuja alfajiri na jioni na wanaacha ushahidi: nyayo za vidole virefu kwenye tope, kinyesi cheupe juu ya vijiti, samaki waliochomwa mgongoni wakakosewa. Kenge naye ana mburuzo wa mkia. Pita ukingoni kabla watu hawajakanyaga. Ukikuta tope safi na lango zima, hapo sasa rudi kwa Chumvi ya Bahari na suruali yake.

Baharia Mstaafu

Nyongeza tu. Nimefanya kazi melini, na kule Hokkaido, kaskazini ya Japani, tulionyeshwa picha za bundi mla samaki aliyemzidi huyo wa Rufiji. Ndiye bundi mkubwa kuliko wote duniani, hufika kilo nne na zaidi, na kwengine yupo mashariki ya Urusi. Majira ya baridi mito inaganda, anabakia sehemu ambazo maji hayagandi. Waainu, wenyeji wa asili wa kule, walimheshimu kama mungu mlinzi wa kijiji. Hebu linganisha na sisi, bundi akilia mtu anatafuta kijinga cha moto.

Na huko ndiko bundi anakwenda kwenye bwawa la samaki kweli. Misitu ilikatwa, mito ikazibwa, wakabaki wachache sana, ikabidi serikali iwawekee masanduku ya kutagia mitini na vibwawa vyenye samaki hai. Baadhi yao wamekufa kwa kuzama na kunasa katika mabwawa ya wafugaji. Kwa hiyo swali la Binti si la kuchekwa, limekosea nchi tu.

Binti Gando

Ahsanteni sana, Mwenyezi Mungu awalipe.

Mwembe tumeumulika jana baada ya isha. Ni mdogo, macho ya manjano, alitutazama akageuza kichwa akaendelea kukaa. Kijana anasema wakati anamulika, alishuka akadaka kumbikumbi kwenye taa ya banda. Mwenye manati nimemsomea maneno ya Nahodha mbele ya watu, kaondoka kanuna, ila kaondoka.

Mama Tumbe, lango la bwawa la kwanza wavu umetatuka chini kabisa, ubavuni, mahali ambapo maji yakiwemo huoni. Tunanunua mwengine Jumamosi, na kwa sasa tumeziba kwa gunia na mawe. La pili lango ni zima, na ukingoni kuna nyayo za vidole virefu kila mahali. Je, kulasitara mnamzuia vipi bila kumdhuru?

Nahodha, ami kafurahi mpaka kaja na simu barazani, kila mtu asomewe. Ana swali lake moja. Anasema katika kambi yao ya dago, mbali kidogo juu ya mto, kulikuwa na sauti usiku, kilio kirefu kinapanda mpaka nywele zinasimama, mithili ya mtu anayeuawa. Walihama kambi kesho yake, na mpaka leo wenzake wanasema palikuwa na kaburi. Huyo naye ni bundi?

Mama Tumbe

Kamba. Funga kamba nyembamba juu ya bwawa, ukingo hadi ukingo, zipishane kiasi cha mkono mmoja, vining'inize vipande vya mifuko ya nailoni. Anapotaka kutua mbawa zinagusa, anaondoka. Na kina kiongezeni ukingoni, kulasitara haogelei, anasimama. Akikosa pa kusimama hana kazi.

Nahodha wa Mloka

Mkubwa akilia, ni mngurumo mzito wa chini, "huuum", halafu kifupi "hut", na usiku wa mbalamwezi, hewa ikitulia, unausikia kilomita mbili tatu. Huo hautishi, watalii wanauiga mpaka wanachosha. Kilio kinachopanda cha kusimamisha nywele, kama kilitoka kwenye miti ya ukingoni na kikawa kinarudiwa rudiwa mahali pamoja, hicho namjua mwenyewe. Ni mtoto wake, keshakuwa mkubwa karibu sawa na mama, anaweza kuruka, na bado anadai kulishwa. Wageni wangu wawili waliwahi kuniomba tuite polisi.

Mwambie ami kwa heshima zote: kambi nzima ya Wapemba ilihamishwa na kifaranga mwenye njaa.