Naomba ushauri: chakula cha nyumbani kwa mbwa mchanga anayekua

Habari zenu, ndugu wafugaji. Ninaishi Ilemela, Mwanza, na ninalea mbwa wa miezi mitatu wa jamii ya German Shepherd, ambaye ningependa akue kwa chakula kinachopikwa nyumbani, kwa kuwa cha dukani ni ghali.

Kwa sasa anakula mara tatu kwa siku: ugali laini au wali, dagaa wa ziwani waliooshwa vizuri ili kuondoa mchanga, yai lililochemshwa, na ini la ng'ombe kidogo tu, kwani likizidi humwingizia vitamini A nyingi mno. Vitunguu na mifupa iliyopikwa simpi kabisa.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni kalsiamu. Nyama tupu ina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo sana, jambo linaloweza kudhoofisha mifupa. Lakini kwa mbwa wa umbo kubwa kalsiamu ikizidi nayo hudhuru, maana katika umri huu mwili wake bado hauwezi kudhibiti vizuri kiasi unachofyonza. Kwa kuwa dagaa huliwa pamoja na mifupa yao, je, kuna haja ya kuongeza unga wa maganda ya mayai, au nitakuwa ninazidisha? Na mapanki ya sangara (mifupa na vichwa vinavyobaki baada ya minofu kuondolewa), yakichemshwa mpaka mifupa ilainike kabisa kisha yakasagwa, yanafaa?

Nitashukuru sana pia kuelekezwa kwa daktari wa mifugo hapa Mwanza anayeweza kunipangia vipimo vya chakula kulingana na uzito wake unavyoongezeka.